MWENYE MPIRA ANA KAZI GANI?



Ndugu wanafunzi, kila Alkhamisi baada ya Alasiri mnacheza kandanda hapa Bariadi, na kila Alkhamisi lawama ni moja: "Huyu hatoi pasi!" Mwaka huu wenzenu wawili walifikia kutosalimiana kwa ajili hiyo. Basi tuieleze kazi ya mwenye mpira.

Kwanza, kuutunza. Mpira uwe karibu na mguu, mwili uwe baina ya mpira na mpinzani, na macho yawe juu. Anayetazama miguu yake hamwoni mwenzake.

Pili, kumvuta beki. Ukisimama na mpira, kila beki anamlinda mtu wake. Ukimkokotea mpira beki, atalazimika kuchagua. Akikufuata, mwenzako amebaki huru, mpe. Akikuacha, songa mbele upige. Pasi ikitoka mapema mno, beki hajavutika, ikichelewa, umeshanyang'anywa.

Tatu, kujua sheria ya kuotea. Mchezaji aliye sambamba na mpira au nyuma yake wakati pasi inatolewa hahesabiwi kuwa ameotea. Ndiyo maana winga akikokota mpira hadi karibu na mstari wa goli, kisha akaurudisha nyuma, mabeki hupata taabu kubwa.

Tarehe 21 Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast, Taifa Stars ilicheza na Zambia. Dakika ya 11 nahodha Mbwana Samatta, ambaye mwenyewe ni mfungaji hodari, alimpa pasi Simon Msuva akafunga. Mechi iliisha 1-1. Goli liliandikwa jina la Msuva, lakini lilikuwa la timu nzima.

Je, wale wawili, nani alikosea? Mimi nilikuwa mwamuzi siku ile. Mwenye mpira aliinua macho mara mbili akitafuta wa kumpa, na mwenzake alikuwa amesimama nyuma ya beki akipiga kelele. Kumbe asiye na mpira naye ana kazi: kukimbia mahali panapoonekana.

Mpira mguuni mwako ni amana ya watu kumi na mmoja, na amana huhitaji mtoaji na mpokeaji. Basi peaneni mikono kabla ya Alkhamisi ijayo, na adhana ya Magharibi ikilia, mpira usimame.

Wabillahi tawfiq.