Mafiga Matatu ya Kamera

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Nilikuwa nikiusikia msemo huu darasani nikidhani ni habari ya ushirikiano tu. Likizo ya Agosti iliyopita nilishinda wiki nzima matopeni na mjomba wangu tukijaribu stendi za kamera, ndipo nikajua kwamba wazee hao walikuwa na fizikia yao pia. Basi msomaji mpendwa, kaa kitako nikueleze tulichojaribu, tulivyojaribu na tulichokipata.

Kwanza kisa chenyewe. Mama yangu yumo katika kikundi cha kina mama wa hapa Majoreni wanaopanda mikoko. Mche wa mkoko hauna mdomo. Anayetaka kuonyesha kwamba miche yake inakua hana budi kuipiga picha kila mwezi kutoka mahali pale pale, ili mtu aweze kulinganisha ya leo na ya zamani. Mwaka jana mjomba alipiga picha hizo kamera ikiwa mkononi. Zikapelekwa kwa watu waliokuwa wameahidi kusaidia kununua vifaa vya kitalu. Jibu likarudi kwamba picha hazieleweki, nyingine zimetikisika, na haijulikani kama ni mahali pamoja. Siku hiyo mama hakusema kitu, lakini nilimwona akiosha tope miguuni kwa muda mrefu kuliko kawaida. Miezi minane ya kuinama, halafu picha inakuangusha!

Kwa nini picha hutikisika? Ndani ya kamera mna mlango mdogo uitwao shata. Mwanga ukiwa mwingi, shata hufunguka na kufunga haraka kuliko kope la jicho, na mkono hauna nafasi ya kuharibu. Mwanga ukipungua, hukaa wazi muda mrefu zaidi ili mwanga wa kutosha uingie, na kila mtikisiko wa mkono huandikwa kwenye picha. Kanuni ya wapiga picha ni kwamba ukiwa na lenzi ya milimita 50, usiamini mkono wako shata ikiwa ya polepole kuliko sehemu moja ya 50 ya sekunde. Sasa mjomba hupata nafasi jioni tu. Na huku kwetu siku za bamvua maji hukauka kama saa nne au saa tano za mchana, jioni yamejaa. Siku za maji mafu ndizo hupwa jioni. Kwa hivyo picha zetu hazina budi kupigwa siku za maji mafu, jua likielekea kuzama, kando ya kivuli cha mikoko. Hapo mkono peke yake hautoshi. Inatakiwa stendi ya miguu mitatu, ambayo mjomba huiita tripodi.

Mjomba alikuwa na tripodi ya zamani ya alumini. Rafiki yake wa Diani, aliyekuwa akiacha kazi ya kupiga picha, alikuwa akiuza nyingine ya nyuzi za kaboni, akatupa wiki moja tuijaribu. Mjomba akawaomba kina mama wachange nusu ya bei kutoka kwenye akiba yao. Mmoja wao akauliza, "Hiyo miguu ya kaboni itatufaa matopeni, ama ni urembo wa harusini?" Mjomba akanigeukia. "Wewe si unasoma fizikia, mwanangu? Haya, wajibu mama zako."

Kaboni yenyewe si kitu kigeni. Makaa ya kupikia ni kaboni, na ule wino mkavu wa penseli ni kaboni. Nyuzi zake hutengenezwa kwa kuchoma nyuzi za aina ya plastiki mahali pasipo oksijeni, katika joto linalopita digrii 1000, kama vile mchoma makaa afunikavyo tanuri lake kwa udongo ili kuni zisigeuke jivu. Thomas Edison alichoma mianzi kwa njia ya namna hii mwaka 1880 apate nyuzi za kutia ndani ya balbu. Nyuzi za kaboni zenye nguvu kubwa zilipatikana Marekani mwaka 1958 na mwanasayansi Roger Bacon. Nyuzi hizo, nyembamba kuliko unywele, hushikanishwa kwa gundi ya epoksi zikawa mabomba magumu. Kampuni ya Gitzo ya Ufaransa ikatoa tripodi ya mabomba hayo mwaka 1994. Sifa yake ni wepesi. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, lakini ya nyuzi za kaboni pamoja na gundi yake ni kama gramu 1.6 tu. Tulizipima kwa mizani ya dukani, ile ya alumini ikawa kilo 2.1 na ya kaboni kilo 1.4.

Mimi nikaongeza mshindani wa tatu. Nilikata fito tatu za mvinje, nikazifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikatia kibao juu na bolti ya robo inchi, maana ndicho kipimo cha tundu lililo chini ya kamera. Mjomba alicheka sana.

Mtihani ulikuwa hivi. Tulibandika ukurasa wa gazeti juu ya ubao, tukausimamisha hatua 10 kutoka kwenye kamera. Picha ambayo maandishi yake madogo yanasomeka imefaulu, isiposomeka imeanguka. Kamera moja, lenzi moja, shata wazi nusu sekunde. Kidole nacho hutikisa, kwa hivyo tuliiachia kamera isubiri sekunde 2 baada ya kubonyezwa ndipo ipige. Kila stendi ilipewa picha 10 kila mahali. Mwalimu wetu hutuambia ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hutajua ni kipi kilicholeta mambo.

Mahali pa kwanza palikuwa kiwanja kigumu, asubuhi, upepo haujaamka. Alumini ilipata 10, kaboni 10, mvinje 7. Hapo sikuona faida yoyote ya bei kubwa.

Mahali pa pili palikuwa mchangani, kusi inavuma. Tuliinua ile nguzo ya katikati hadi juu. Alumini ilipata 6, kaboni 4, mvinje 3. Mjomba hakuamini, akarudia, ikawa vile vile. Sababu yake ni kwamba ule wepesi unaokupumzisha bega njiani ndio unaoupa upepo nafasi ya kukusukumia stendi. Na nguzo ya katikati ikiinuliwa, ni kama mtu aliyekaa vizuri juu ya kigoda halafu akasimama juu yake kwa mguu mmoja. Tukaishusha nguzo, tukaning'iniza mfuko wa mchanga chini yake, ukigusa ardhi kidogo usije ukabembea. Alumini ikapata 9 na kaboni 9. Lazima niseme haki ya kaboni pia. Ukiugonga mguu wa alumini kwa ukucha hulia "ting" na mlio ukaendelea. Wa kaboni husema "tok" ukanyamaza. Maana yake mtetemeko hufa upesi, na hilo ni jambo zuri sana kwa picha.

Mahali pa tatu ndipo penyewe, topeni. Alumini ilipata 2. Kaboni 2. Mvinje, msomaji wangu, ilipata 4! Miguu yote ilikuwa ikizama polepole huku shata iko wazi, ila fito zangu zilikuwa nene chini kwa hivyo zilizama taratibu. Presha ni nguvu ikigawanywa kwa eneo. Ndiyo maana bata hutembea topeni na mbuzi hunasa. Kampuni inaweza kutengeneza mguu kwa kaboni, kwa fedha au kwa dhahabu, lakini ncha yake ikiwa ndogo kama sarafu, tope halitauheshimu.

Siku ya nne mguu mmoja wa kaboni ulikataa kufunguka. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye vifungo vyake vya kusokota. Tukavifungua, tukasuuza kwa maji baridi, tukavikausha. Hapo nikajifunza jingine. Bomba la kaboni halishiki kutu, lakini viungo vyake ni vya alumini. Kaboni hupitisha umeme, na ikikutana na alumini ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri ndogo, alumini ikawa inaliwa. Anayeitumia pwani asiilaze na chumvi yake.

Jioni hiyo nilimkuta mama jikoni akiinjika sufuria. Figa moja lilikuwa juu kidogo, lakini sufuria ilitulia bila kuyumba. Vitu vitatu hukaa sawa hata ardhi ikiwa ya mabonde, vya nne ndivyo huleta kuyumba, kama dawati la darasani kwetu. Nikajiambia, kumbe chungu hakiulizi mafiga ni ya jiwe gani, kinauliza yameketi wapi.

Kesho yake tuliyeyusha saruji, tukamimina vipande vitatu vipana kama sinia, kila kimoja na kishimo katikati. Tukavizika pembeni ya mikoko, mahali pa kupigia picha. Mguu wa stendi ukiingia kishimoni hauzami wala hauhami. Tukatia alama za rangi miguuni ili urefu uwe ule ule kila mwezi. Tukarudia mtihani. Alumini 10, kaboni 10, mvinje 9.

Jumapili kina mama walikaa chini ya mwembe. Nilijua mjomba anaitamani ile tripodi, na mjomba wangu ndiye aliyeninunulia sare ya kidato cha kwanza. Ulimi ulikuwa mzito. Nikasema, "Mama zangu, kaboni ni nzuri kwa mtu anayepanda milima na mzigo begani. Sisi tunatembea dakika kumi. Kwa kazi yetu mafiga yametosha, na ile ya zamani inafaa." Kimya kikapita. Mjomba akakuna kidevu, akasema, "Kijana amepima, na mimi nilikuwapo. Hesabu haina mjomba." Jumatatu aliirudisha Diani, ameisafisha na kuifunga ndani ya leso isikwaruzwe.

Ajabu ni kwamba kaboni tuliyoikataa miguuni ndiyo tunayoitafuta ardhini. Mikoko huivuta kutoka hewani na kuizika topeni. Kule Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza haki za kaboni hiyo tangu 2013, na Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata na msitu wao. Lakini aliye na mikoko lazima aonyeshe kwamba ipo na inakua.

Sasa tuna picha tatu, za Septemba, Oktoba na Novemba. Ukizipanga, kisiki kimoja kikavu kiko pembe ile ile ya kushoto, hakikusogea hata kidogo, na mbele yake miche inaongeza majani. Zimekwisha kupelekwa. Jibu bado, lakini mama ameziweka nakala kabatini, na kila mgeni akija huzitoa.

Hapa natia nanga. Ukitaka kununua stendi, msomaji, usianze dukani. Anza pale utakapoisimamisha.