Samaki wa Ziwa ni wa Nani? Uchumi wa Uvuvi na Gharama ya Kusubiri

Sisi tunaotoa huduma za kichungaji kando ya Ziwa Victoria tumezoea kuulizwa swali moja, mara nyingi na mvuvi ambaye nyavu zake zimekwisha kuteketezwa kwa moto: je, ni dhambi kuvuta kokoro wakati watoto nyumbani hawajala? Kabla ya kumhukumu mtu huyu, hatuna budi kuelewa jinsi uchumi wa ziwa unavyofanya kazi. Watu wema kabisa wanaweza kwa pamoja kulimaliza ziwa, pasipo hata mmoja wao kukusudia hivyo.

Mnamo mwaka 1954, mwanauchumi wa Kanada aitwaye H. Scott Gordon alieleza kiini cha tatizo hili. Samaki aliye majini hana mwenyewe. Huwa mali ya mtu pale tu anapoingia mtumbwini. Kwa sababu hiyo, mvuvi anayemwacha samaki mdogo akue hana hakika ya kumpata kesho, maana jirani aweza kumvua usiku huu huu. Uvumilivu wa mmoja hugeuka kuwa faida ya mwingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika mwalo mmoja kuna mitumbwi 10, na kila mmoja hupata kilo 60 kwa siku. Mafuta, chambo na matengenezo hugharimu thamani ya kilo 30. Kila mtumbwi hubakiwa na kilo 30, na mwalo mzima kilo 300. Habari zikienea, mitumbwi mingine 10 huja. Samaki hawaongezeki kwa kadiri hiyo. Sasa kila mtumbwi hupata kilo 35. Jumla ya samaki imepanda kutoka kilo 600 hadi 700, lakini baada ya gharama kila mtumbwi hubakiwa na kilo 5 tu, na mwalo mzima kilo 100. Jasho limeongezeka maradufu, na faida imeshuka hadi theluthi. Hapo ndipo nyavu za macho madogo huanza kuonekana kama wokovu.

Hali hii inaonekana wazi kwa sangara. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka mno katika miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikasimama Mwanza, Kisumu na Jinja. Ili kumlinda, kanuni ilikataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na kwa muda mrefu pia aliyezidi sentimita 85, kwa kuwa majike wakubwa ndio wanaotaga mayai mengi zaidi. Hata hivyo, soko lina hesabu yake. Mabondo ya sangara huuzwa China kwa bei inayoizidi mbali ile ya minofu, na samaki mkubwa ndiye mwenye bondo kubwa. Hivyo soko hulipa zaidi kwa samaki yule yule ambaye ziwa linamhitaji zaidi.

Kuna pia uvuvi wa burudani, ambao wengi wetu huuona kama mchezo wa wageni. Kisiwa cha Rubondo kimekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Uvuvi wa biashara hauruhusiwi huko, na maji yake ni mazalia ya samaki. Mgeni hulipia kibali, akavua kwa ndoana. Kinachomleta ni furaha ya kumkamata sangara mkubwa, wala si kilo za minofu. Akimrudisha majini angali hai, samaki yule yule aweza kuleta mapato tena. Kiuchumi, huo ni utumiaji wenye busara. Lakini mvuvi wa kijiji cha jirani anayezuiwa kuyaingia maji hayo ana haki ya kuuliza: mapato hayo yananifikiaje mimi? Uhifadhi usiomjibu mtu huyu humfanya auone kuwa adui.

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe. Usimamizi wa uvuvi, uwe kwa leseni, kwa ukubwa wa macho ya nyavu au kwa kufunga ziwa, ni kuomba watu wasubiri. Na kusubiri kuna gharama. Tanzania iliposimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, mwenye akiba aliweza kungoja samaki wazaliane. Je, baharia anayelipwa mgawo wa alichovua usiku ule, tena baada ya gharama za mafuta kukatwa, angoje kwa kula nini?

Mafundisho jamii ya Kanisa yanatukumbusha kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa ajili ya watu wote, wakiwamo watakaozaliwa kesho. Kadiri ya mafundisho hayo, sheria inayolinda samaki ni sheria ya haki, na kuivunja ni kumnyima jirani. Lakini haki hiyo hiyo inadai kwamba mzigo wa kusubiri usimwelemee maskini peke yake, huku tajiri mwenye mitumbwi na wakala anayenunua samaki wachanga wakibaki salama.

Basi, mvuvi wetu tunamjibu hivi: kokoro linakokota mazalia, na linakula chakula cha watoto wako mwenyewe, liache. Nasi tulio ufukweni tusiishie kusema. Tusinunue sangara wachanga sokoni. Tushiriki kuchagua viongozi waadilifu wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tuanzishe akiba itakayomwezesha baharia kupumzika ziwa linapopumzika, bila kukopa kwa wakala atakayempangia bei. Anayemwomba mwenzake asubiri, amsaidie kusubiri.