Pasi ya bibi usiiuze kwa kilo: funzo la daktari mmoja wa Uingereza

Msikilizaji, mnunuzi wa chuma chakavu akipita kijijini kwako na mizani yake, angalia kwanza unachompa. Pasi ya mkaa ya bibi yangu iliondoka hivyo. Ilipimwa, ikalipiwa, ikatupwa kwenye gunia pamoja na vipande vya baiskeli. Leo mwanangu akiniuliza mkaa ulikuwa unawekwa wapi, inabidi nimchoree.

Uingereza kulikuwa na daktari aliyeliona jambo hili mapema. Aliitwa John Lamplugh Kirk, na alitibu watu Pickering, mji mdogo wa Yorkshire, kaskazini mwa nchi hiyo. Enzi hizo daktari wa vijijini aliwafuata wagonjwa majumbani, kwa hiyo Kirk alifika mpaka jikoni na ghalani kwa watu.

Huko aliona vitu vya zamani vikiwekwa kando. Viwanda vilileta vyombo vipya, taa mpya na mashine mpya, na vile vya mababu vikaachwa vioze. Kirk akaanza kuvikusanya. Inasimuliwa kwamba mgonjwa asiye na pesa aliweza kumlipa kwa chombo cha zamani.

Baada ya miaka mingi vitu vilikuwa vingi mno. Jiji la York likampatia jengo lililokuwa gereza la wanawake, na mwaka 1938 makumbusho ya York Castle Museum yakafunguliwa humo. Kirk hakutaka vitu vikae kabatini tu. Ndani ya jengo ulijengwa mtaa mzima wa zamani wenye maduka, ili mgeni aone kila kitu mahali pake. Mtaa huo unaitwa Kirkgate, kwa jina lake. Yeye alifariki mwaka 1940, lakini makumbusho yapo hadi leo.

Kirk hakukusanya dhahabu. Alikusanya vitu vya kawaida, kwa sababu ndivyo vinavyoonyesha watu walivyoishi. Sisi pia tunacho Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Lakini mtungi wa bibi yako haupo pale. Uko kwako.

Ufanye nini? Kwanza, muulize mzee chombo kinaitwaje kwa lugha ya nyumbani, nani alikitengeneza na kilitumikaje. Pili, mrekodi kwa simu akieleza, na upige picha akiwa amekishika. Tatu, kiweke pakavu. Cha chuma kipake mafuta kidogo kisishike kutu.

Anza na maelezo ya mzee, kwa maana chombo kinaweza kukaa darini miaka 50, ila anayejua matumizi yake hatatungoja. Ukisharekodi, tutumie sauti hiyo. Tutaisikiliza pamoja kipindini.