Malaria Kigoma: Majani yafukuzayo mbu husaidia, ila hayachukui nafasi ya chandarua

Jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, familia nyingi za mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania, huwa nje ya nyumba zikipika, zikila na kuzungumza. Saa hizo ndizo mbu jike wa jamii ya Anofelesi, aenezaye malaria, huanza kutafuta damu. Kama ilivyo desturi pande zote za ziwa hili, wapo wanaochoma kivumbasi au kusugua majani ya mchaichai ili kumfukuza. Je, desturi hiyo ina faida gani, na mipaka yake ni ipi?

Swali hili si dogo kwa Kigoma, mkoa unaopakana na Burundi na unaowahifadhi wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa asilimia 7 ya watoto wa Tanzania Bara wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na vimelea vya malaria, ilhali mwaka 2007-2008 kiwango kilikuwa asilimia 18. Hata hivyo, mkoani Kigoma kiwango kilifikia asilimia 24, cha juu kuliko mikoa yote. Arusha na Kilimanjaro kilikuwa chini ya asilimia 1.

Tofauti hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na hali ya nchi. Kimelea cha malaria huhitaji joto ili kikomae ndani ya mbu; penye baridi ya milimani, mbu wengi hufa kabla hakijakomaa. Kandokando ya ziwa na katika bonde la mto Malagarasi kuna joto, mvua ya miezi mingi na maji yaliyotuama, ambamo mbu hutaga mayai.

Mbu humtambua mtu kwa hewa anayoipumua, joto la mwili na harufu ya ngozi. Majani ya mchaichai, kivumbasi na mrehani yana mafuta yenye harufu kali ambayo humvuruga mbu asimfikie mtu kwa urahisi. Lakini mafuta hayo huruka upesi hewani. Mtu aliyejipaka hupata kinga ya muda mfupi, pengine isiyofika saa mbili, kisha mbu hurejea. Mche uliopandwa mlangoni bila majani yake kupondwa hautoi harufu ya kutosha kuilinda nyumba. Moshi wa majani nao hupunguza mbu wakati unapofuka, lakini ukivutwa kila siku hudhuru mapafu, hasa ya watoto.

Hii haina maana kwamba elimu ya mimea ni ya kupuuzwa. Kutokana na mkaratusi wenye harufu ya limau hutengenezwa dawa ya kujipaka ambayo wataalamu wameithibitisha kuwa hufukuza mbu kwa saa kadhaa. Maua ya pareto, yanayolimwa katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Rwanda, yana sumu inayoua wadudu. Kwa kuiga sumu hiyo, wanasayansi walitengeneza viuatilifu vinavyowekwa katika vyandarua. Mwaka 2013, Mrundi Gérard Niyondiko na mwenzake wa Burkina Faso, Moctar Dembélé, walituzwa nchini Marekani kwa wazo lao la sabuni ya kufukuza mbu iliyotiwa mchaichai na mimea mingine.

Hatari huanza pale majani yanapochukuliwa kuwa badala ya chandarua. Mtu hulala saa nyingi, na harufu ya majani huisha mapema. Chandarua chenye kiuatilifu hulinda mpaka alfajiri na huua mbu anayekigusa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, asilimia 95 kati yao wakiwa katika kanda ya Afrika ya shirika hilo. Katika kanda hiyo, takriban watatu kati ya kila wanne waliofariki walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya nusu ya vifo vyote vilitokea katika nchi nne: Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Niger na Tanzania.

Basi mimea ina nafasi yake: zile saa za jioni, kabla familia haijaingia kulala. Anayeitumia asipake ngozini mafuta makali yasiyochanganywa, kwani huunguza, wala asimpake mtoto mchanga. Maji yaliyotuama karibu na nyumba yafukiwe au yaondolewe, na saa ya kulala ikifika, mama mjamzito na watoto wawe wa kwanza kuingia ndani ya chandarua.

Homa ikimpata mtoto, asicheleweshwe kwa majani ya kuchemsha. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe, na akikutwa na malaria apewe dawa mseto kwa kipimo sahihi. Dawa hiyo nayo asili yake ni mmea: ni kutoka kwa pakanga ya Kichina ambapo mtafiti Tu Youyou alipata dawa iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.