Mkono uliovimba baada ya mionzi: Je, oksijeni inasaidia?

Lushoto. Mama aliyetibiwa saratani ya matiti anaporudi nyumbani Mlola, kazi zinamsubiri palepale alipoziacha: maharage ya kupalilia mteremkoni, kuni, maji na watoto. Miezi au hata miaka baadaye, mkono wa upande uliopigwa mionzi unakuwa mzito. Pete haiingii, mkono wa gauni unabana.

Kwa kuwa pwani ya Tanga inajulikana kwa matende, wapo watakaosema ni mbu. Wengine watasema amerogwa. Si mbu wala mchawi. Tezi za kwapani zikiondolewa kwa upasuaji, au mionzi ikiziachia makovu, majimaji ya mwili hukosa njia ya kurudi na kutuama mkononi.

Hapo ndipo habari za tiba ya oksijeni huingia kwenye simu. Mgonjwa hukaa ndani ya chemba iliyofungwa, akivuta oksijeni tupu kwa shinikizo kubwa. Wanaoijua zaidi ni wazamiaji wa baharini. Hoja yenyewe si ya kipuuzi: mionzi huharibu mishipa midogo ya damu, na oksijeni hiyo huchochea mipya kuota. Kwa kibofu kilichoathiriwa na mionzi, utafiti wa nchi za Nordiki uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha nafuu.

Mkono ni habari nyingine. Nchini Uingereza, utafiti mdogo wa awali ulileta matumaini. Watafiti wakarudi na wagonjwa 58: baadhi waliingia chembani mara 30, dakika 100 kila mara, wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Matokeo ya mwaka 2010 hayakuonyesha tofauti ya maana kati yao. Familia inayofikiria kuuza ng'ombe kwa ajili ya chemba ingefaa ijue hilo kabla ya kumwita mnunuzi.

Kinachosaidia hakina mbwembwe: bandeji au soksi ya mkono ya kubana, mazoezi mepesi, na ngozi safi inayopakwa mafuta. Bandeji ikifungwa vibaya huongeza tatizo, hivyo anayehudhuria kliniki Ocean Road, Dar es Salaam, aombe kuonyeshwa hukohuko. Shambani avae glovu, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu unaweza kuleta maambukizi. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, na homa ikapanda, ni hospitali siku hiyohiyo, si kesho baada ya gulio. Uvimbe unaoongezeka ghafla au wenye ganzi uonwe na daktari pia, maana huenda saratani imerudi.

Mkono huo si wa kufungiwa ndani. Ukitumika taratibu, misuli husukuma majimaji. Lakini ndoo ya lita 20 kutoka bondeni ni jambo jingine. Kijana wa sekondari anaiweza. Baba naye anaiweza, ingawa si wengi waliozoea kuonekana nayo kichwani.