Amplifaya Ndogo Ndiyo Iliyounguza Spika

Kila niliyemuuliza huku Chala alinijibu vilevile: spika za kanisa ziliungua kwa sababu amplifaya ilikuwa kubwa mno. Fundi aliyezifungua anakataa katakata. Anasema ziliungua kwa sababu amplifaya ilikuwa ndogo.

Nilikuwa Taveta mjini kwa shughuli nyingine, na jibu hilo likanikaa kichwani hadi nikamrudia. Hataki jina lake liandikwe, maana wateja wake ni makanisa, misikiti na shule zinazofahamiana. Basi nitamwita Fundi, kama wanavyomwita wote.

Alinitolea koili yenyewe. Ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa juu ya kibomba chepesi, na ndiyo inayosukuma koni mbele na nyuma ndani ya mwanya wa sumaku ambao hata ukucha haupenyi. Hii ilikuwa imeungua pande zote sawasawa. Vanishi iliyotenganisha mzunguko mmoja wa waya na mwingine ilikuwa imeyeyuka, kibomba kimevimba, na ubavuni palikuwa na mikwaruzo pale kilipoanza kuikuna sumaku. Harufu yake ilikuwa bado kali. Fundi husoma mabaki haya kama daktari asomavyo picha ya mfupa. Koili iliyokatika waya huku rangi yake ikiwa safi ilisukumwa kupita kiasi kwa ghafla, pengine na maikrofoni iliyoanguka sakafuni. Iliyokuwa nyeusi kote imekufa kwa joto, taratibu, ibada nzima. Kwa spika ya koni ya kawaida, katika kila wati 100 zinazoingia, hata 5 hazigeuki sauti. Zilizobaki zote ni joto, na koili haina pa kulipeleka.

Sasa joto hilo linatokaje kwenye amplifaya ndogo? Kwaya ikipamba moto, anayeshika mitambo huongeza sauti. Amplifaya ikifika mwisho wa nguvu zake, kichwa cha wimbi la sauti hukatwa kikawa bapa. Wimbi lililokatwa hivyo hubeba nguvu kuliko wimbi zima: amplifaya ya wati 100 ikikamuliwa hadi mwisho inaweza kutoa karibu wati 200. Tena ukataji huo huzaa sauti nyingi nyembamba, na hizo hukimbilia twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote. “Watu wanaogopa nguvu,” anasema Fundi. “Waogope ile taa nyekundu ya amplifaya. Ikikonyeza mara moja moja haina neno. Ikiwaka ikakaa, teremsha.”

Yeye hutafuta amplifaya yenye wati sawa na zile ambazo spika inavumilia kwa muda mrefu, au moja na nusu zake, kisha humsihi mshika mitambo asitumie akiba hiyo kupiga kelele. Maelfu ya wati za PMPO zinazochapishwa kwenye makartoni hazitazami kabisa. Hutazama RMS, yaani wati za mfululizo, halafu omu, kipimo cha ukinzani. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa 4, nne huwa 2, na amplifaya nyingi zimeandikwa nyuma kabisa kwamba zisishushwe chini ya 4. Maandishi hayo kwa kawaida hutazamana na ukuta.

Lakini kinachomkosesha usingizi ni honi za nje, zile za mitini na kwenye nguzo za uwanja wa shule. Kwa kuwa waya ni mrefu, hutumika laini ya volti 100, na kila honi hubeba transfoma ndogo yenye kitufe cha kuchagua wati. Hesabu yake ni kujumlisha tu. Honi 6 za wati 30 ni wati 180. Amplifaya ya 240 inazibeba na nafasi inabaki. Kisha, mwaka mmoja baadaye, muumini mwema anakuja na honi ya msaada kutoka Mombasa, haina transfoma, ni omu 8 tupu. Kijana anapanda, anaiunga kwenye waya uleule. Sauti ikifunguliwa yote, honi hiyo peke yake inadai wati 1,250. Ama inaungua palepale, ama amplifaya inazima, ama inakufa nayo.

Mita ya kawaida haisaidii sana hapa. Honi ya wati 30 kwenye laini hiyo ina ukinzani wa omu zipatazo 333 mbele ya sauti, lakini mita, kwa kuwa hutumia umeme wa betri, huona waya wa transfoma tu na kuonyesha namba ndogo kabisa. Vijana wameshang’oa honi nzima wakidhani zina shoti. Fundi ana kipimo kinachotumia mawimbi, nacho hakiazimishi.

Kuna pia jambo la kitambaa. Amplifaya za makanisani hufungiwa kabatini zikafunikwa kitambaa kilichofumwa vizuri na akina mama, matundu ya hewa yakazibwa. Fundi hukiondoa mwenyewe, akakikunja, akamkabidhi mama mhusika kwa mikono miwili huku akieleza. Jumapili inayofuata kimerudi. Sidhani ni ukaidi: kile ni kitu cha nyumba ya Mungu, na kwa desturi yetu kitu cha thamani hufunikwa.

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinamhoji anayemsumbua jirani. Hazimhoji anayeongeza honi bila kujumlisha. Fundi amezoea kuandika jumla ya wati ndani ya mlango wa kabati, lakini kamati hubadilika, na mbao hupakwa rangi. Yeye hulipwa akitengeneza. Kupima peke yake hakuna anayekulipia. Nilimuuliza kama kamati ingekubali kumwita aipime spika ya msaada kabla haijapandishwa mtini. Alisema labda. Ila aliyeitoa, mbele ya waumini wote, atalichukuliaje hilo? Na kama ikionekana haifai, nani atamwambia?