Salamanda jitu wa China si mmoja

Kusini mwa Jangwa la Sahara hakuna salamanda wa asili hata mmoja, kwa hiyo wengi wetu tumemwona kwenye picha tu, na wengine hata kwenye picha hatujamwona. Ni ndugu wa chura. Ngozi yake ni laini, haina magamba, na watoto wake huanza maisha majini wakipumua kwa matamvua. Kinachomtenga na chura kwa haraka ni mkia, ambao haumtoki hata akikomaa. Watu wakimwona kwa mara ya kwanza humdhania mjusi, lakini undugu wake na mjusi ni wa mbali mno.

Wakubwa kuliko wote wanaishi Asia ya Mashariki, kwenye mito ya milimani yenye maji baridi yaendayo kasi. Salamanda jitu wa China anaweza kufikia urefu wa mita 1.8, na wa Japan mita 1.5. Mfikirie kambale mkubwa aliyeota miguu minne mifupi: kichwa kipana kilicholala bapa, vijicho vidogo visivyo na kope, mdomo uliopasuka kutoka upande mmoja wa kichwa hadi wa pili. Ubavuni, kutoka shingoni hadi kwenye miguu ya nyuma, ngozi yake imekunjamana mikunjo minene inayopeperuka taratibu ndani ya maji. Mikunjo hiyo ina kazi kubwa. Mapafu anayo, ila kwa kupumua hayamfai sana. Oksijeni yake huingia kupitia ngozi, na mikunjo huongeza eneo linaloguswa na maji. Ndiyo maana mnyama mwenye nguvu kiasi hiki ni dhaifu mbele ya uchafuzi: maji yakipata joto, oksijeni hupungua, na yakitiwa sumu, sumu hupita palepale inapopita hewa.

Uzazi wake nao unastahili kuelezwa kwa kirefu. Kule Japan, kiangazi kinapokaribia kwisha, dume mwenye nguvu hushika pango kwenye ukingo wa mto, pango ambalo mlango wake uko chini ya maji. Wajapani humwita nushi, yaani bwana wa mahali hapo. Majike huja kwake kutaga mayai mia kadhaa yaliyounganishwa kwenye uzi mrefu wa ute, naye huyarutubisha nje ya mwili. Majike wakishaondoka, dume hubaki. Huchezesha mkia ili maji mapya yenye oksijeni yayapitie mayai, na yai lililokufa au lililoshikwa na kuvu hulila kabla halijaharibu mengine. Watoto wakianguliwa huendelea kuwalinda kwa miezi kadhaa hadi watakapotoka wenyewe. Sasa chukua mto huo, ujenge kingo zake kwa zege ili kuzuia mafuriko, kisha uweke kizuizi cha maji kila baada ya umbali mfupi. Pango halipo tena, na salamanda anayepanda juu kutafuta mahali pa kuzalia anagonga ukuta. Hili limetokea kwenye mito mingi ya Japan, na katika baadhi ya maeneo wenyeji wamelazimika kuwajengea salamanda ngazi za kupandia na mapango ya kutengeneza.

Japan imemlinda mnyama huyu kama kumbukumbu maalumu ya asili tangu mwaka 1952, na mwaka 1979 bustani ya wanyama ya Asa, Hiroshima, ilifanikiwa kumzalisha kizuizini kwa mara ya kwanza. Kwa China mambo yamekwenda vibaya zaidi, na sehemu ya ubaya huo imetokana na jambo ambalo wengi hulidharau: uainishaji.

Historia ya kumtambua vibaya ni ndefu. Mwaka 1726 Johann Jakob Scheuchzer, mwanazuoni wa Uswisi, alitangaza kwamba mabaki ya mifupa yaliyochimbwa Öhningen yalikuwa ya binadamu aliyekufa katika gharika ya Nuhu. Ilipita miaka 85 ndipo Georges Cuvier, mwaka 1811, alipoonyesha kwamba ile ilikuwa mifupa ya salamanda jitu wa zamani. Salamanda wa Japan alipewa jina la kisayansi mwaka 1836, wa China mwaka 1871. Kisha mwaka 1924 E. G. Boulenger, wa bustani ya wanyama ya London, akaeleza spishi nyingine kutokana na mnyama aliyepatikana Hong Kong, akamwita sligoi kwa heshima ya Markizi wa Sligo. Waliomfuata hawakuona tofauti ya kutosha kwa macho, wakalifuta jina hilo. Kwa miongo mingi vitabu vyote vikasema China ina salamanda jitu wa aina moja tu, Andrias davidianus, aliyeenea kutoka kusini hadi kaskazini ya kati.

Kosa hilo lilionekana dogo, la kwenye makaratasi. Lakini nyama ya salamanda jitu ilikuwa imepanda bei, na yakaanzishwa mashamba ya kuwafuga, hasa katika jimbo la Shaanxi, yakakua hadi kuwa na mamilioni ya wanyama. Wazazi wa kuanzishia ufugaji walitoka mwituni, wakachukuliwa huku na huko, wakachanganywa. Nani angejali, kama wote ni spishi moja? Halafu, kwa nia njema kabisa, wanyama wa mashambani wakawa wanaachiwa mitoni kwa maelfu ili kujaza pengo lililoachwa na wawindaji haramu.

Mwaka 2018 zilichapishwa tafiti mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilipima vinasaba na kuonyesha kwamba ndani ya jina hilo moja mlikuwa na angalau spishi tano, pengine nane, zilizotengana mamilioni ya miaka iliyopita kwenye mabonde mbalimbali ya mito. Ya pili iliongozwa na Samuel Turvey wa Zoological Society of London pamoja na wenzake wa China. Walikuwa wamefanya msako katika wilaya 97. Katika msako wote huo walipata salamanda jitu 24 tu, katika maeneo manne. Walipopima vinasaba vyao, hakuna aliyekuwa mwenyeji wa mto alimokutwa. Kila dalili ilionyesha kwamba walikuwa wametoka mashambani.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Mwindaji haramu huua wanyama anaowakamata. Anayemwachia salamanda mgeni mtoni humpandisha na mwenyeji, na katika vizazi vichache mwenyeji hayupo tena, ingawa mto unaonekana una salamanda. Tena mashamba yenye msongamano yamekumbwa na virusi vinavyoua salamanda kwa wingi, na mnyama akiachiwa anaweza kuondoka navyo.

Mwaka uliofuata Turvey na wenzake walipima vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa makumbusho, vile vilivyokusanywa kabla ya biashara kuvuruga kila kitu, na jina la sligoi likarudishwa baada ya miaka 95. Mwaka 2022 ikaelezwa spishi nyingine, Andrias jiangxiensis, kutoka milima ya jimbo la Jiangxi, na hii kwangu ni habari njema kuliko zote: bado inazaliana yenyewe ndani ya hifadhi, bila mchanganyiko. Mwaka 2023 ikafuata Andrias cheni wa jimbo la Anhui. Na mwaka 2024 watafiti wa Japan walitangaza kwamba wamewatambua sligoi wachache nchini mwao, wazao wa biashara ya zamani ambao hakuna aliyekuwa akijua ni nani.

Biashara hiyohiyo imeitesa Japan pia. Salamanda wa China waliingizwa huko miaka ya 1970 kwa ajili ya chakula, baadhi wakafika mitoni, na leo katika mto Kamo unaopita katikati ya jiji la Kyoto machotara wamewazidi wenyeji. Kwa macho ni vigumu kuwatofautisha, hivyo kila anayekamatwa hana budi kupimwa vinasaba. Mwaka 2024 serikali iliwaorodhesha wageni hao na machotara wao kuwa viumbe vamizi.

Vyura wa Asia ya Mashariki nao wana somo lao kuhusu uainishaji. Katika majaruba ya mpunga ya Korea wamo vyura wadogo wa kijani waliohesabiwa kuwa wa aina moja hadi mwaka 1980, alipoelezwa chura wa Suweon. Ukiwaweka wawili hao kiganjani utapata tabu kuwatofautisha. Usiku ukisikiliza, huwezi kuwachanganya: mmoja huita harakaharaka akiwa kwenye kingo za jaruba, na wa Suweon huita polepole, kwa sauti kali kama ya chuma, akiwa ameshikilia mche wa mpunga katikati ya maji. Wa kwanza ni wengi. Wa pili yumo hatarini kwa sababu majaruba yake yanageuzwa kuwa viwanja vya majengo. Kama wangeendelea kuhesabiwa pamoja, wingi wa mmoja ungeficha kupungua kwa mwingine. Mwaka 2020 kutoka kwa huyo wa Suweon akatengwa tena wa tatu.

Korea inatugusa sisi moja kwa moja. Kuvu inayoshambulia ngozi ya amfibia, iliyochangia kupungua kwa spishi 501 duniani na kupotea kabisa kwa 90 kati ya hizo, chimbuko lake ni Asia ya Mashariki. Utafiti wa mwaka 2018 uliikuta nasaba yake kongwe katika Rasi ya Korea, ambako vyura wa huko wamezoea kuishi nayo. Biashara ya kimataifa ya amfibia ikaisambaza. Mwaka 2003 ilikutwa kwenye korongo la Kihansi, Tanzania, kwa chura mdogo anayezaa watoto hai, ambaye tayari alikuwa amepungukiwa na manyunyu ya maporomoko baada ya bwawa la umeme kuanza kazi mwaka 2000. Mwituni akatoweka. Aliokolewa na vyura 499 waliokuwa wamepelekwa Marekani mapema, na wazao wao walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Kurudi kwao kulikuwa na faida moja ambayo China haina: hakuna aliyekuwa na shaka kwamba anayerudishwa ndiye aliyetoka pale.

Kwenye Milima ya Tao la Mashariki wapo ndugu wa chura wa Kihansi ambao bado tunawagawanya upya. Mwaka 2025 tu, vinasaba vya vielelezo vya makumbusho vilisaidia kutenga spishi tatu mpya kutoka kwa chura mmoja aliyejulikana tangu mwaka 1905. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wa biolojia wa Dar es Salaam, Morogoro na Nairobi wasikimbie uainishaji kwa kuuona somo la kizamani. Nendeni usiku mkarekodi sauti, mjue mlima upi una chura yupi kabla mtu hajaja na mpango wa kuwahamisha. Na wewe usiye mwanafunzi, ukikuta chura bondeni usimpeleke bonde jingine, na viatu vilivyokanyaga tope la mto mmoja vioshe uvikaushe kabla hujaingia mto mwingine.